Kwa nini majike wa kaa hawatagi kizimbani

Ndugu yangu, umeuliza mbona majike wa kaa uliowafunga vizimbani Mikindani, Mombasa, hawaonyeshi mayai. Si ugonjwa. Kaa wa mikokoni hupandana humu ndani ya hori, jike akiwa ametoka kujivua gamba na bado laini, kisha huteremka kuelekea bahari kuu akatage na kuangulia huko. Watoto wake wachanga wanataka chumvi kali; masika Mto Kombeni ukifurika, chumvi ya humu hupungua, nao hufa.

Ukimnasa jike mwenye mayai, mfunue kifuniko cha tumbo uyaone: ya rangi ya machungwa bado machanga, yakiwa meusi yanakaribia kuanguliwa. Huyo usimuuze, nakuomba sana. Mrudishe maji yakianza kupwa. Na mikoko ya ukingoni usiikate kuni, ndimo kaa wadogo hurudi kujificha.