Uliza Fundi: Msimbo unahamia Git, tiketi zetu zimeng'ang'ania Subversion

SWALI: Shikamoo dada. Tuko vijana wanne hapa Lindi mjini, tunatengeneza programu ya mapokezi ya korosho kwa ajili ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Kazi zetu tunazifuatilia kwa programu tuliyojiandikia wenyewe: kila kazi ina tiketi, na ukiifungua unaona mabadiliko ya msimbo (code) yaliyofanyika kwa ajili yake. Tuliijenga juu ya Subversion, mfumo wa kutunza matoleo ya msimbo, kwa sababu seva iko hapa hapa ofisini. Sasa mteja wa Dar anataka msimbo wake ukae Git, mfumo mwingine wa kazi hiyo hiyo, na mwenzetu mmoja ana mradi wa zamani kwenye Mercurial, ambao ni mfumo wa tatu. Tuandike upya kila kitu? Au tuhamie Git wote yaishe? — Msomaji, Lindi

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Msiandike upya. Kuhamia Git wote kunaweza kuwa sawa kwa msimbo wenu, ila hakutatibu programu ya tiketi. Mtakuwa mmeifungua kamba huku na kuifunga kule.

Anza hivi. Tafuta neno "svn", kifupi cha Subversion, katika mafaili yote ya programu yenu. Niliwahi kukabidhiwa programu ya namna hiyo na ofisi moja hapa Mtwara, nikalikuta neno hilo mpaka kwenye ukurasa wa kuchapisha ripoti ya mwezi. Ripoti na Subversion wapi na wapi? Lengo lenu ni neno hilo libaki kwenye folda moja tu.

Halafu fungueni kanzidata, mtazame safu mnamoweka toleo. Nadhani sikosei nikisema ni namba. Subversion huhesabu mabadiliko ya repo nzima (yaani ghala la msimbo na historia yake), 1, 2, 3, kwa hiyo mwandishi wa programu huzoea kusema "toleo kasoro moja" akimaanisha lililotangulia, na "kubwa kuliko 1450" akimaanisha la baadaye. Git haina hesabu hiyo. Badiliko lake kwa kawaida hutambulishwa kwa alama ya herufi na tarakimu 40, na kwa kuzitazama alama mbili huwezi kujua ipi ilitangulia. Zaidi ya hapo, badiliko linalounganisha matawi (njia mbili za kazi zilizokuwa zimegawanyika) lina wazazi wawili, yaani mabadiliko mawili yaliyolitangulia, na la kwanza kabisa halina mzazi. Mercurial ndiyo yenye mtego: itakuonyesha namba fupi kama ya Subversion, ukafurahi, kumbe ni ya nakala iliyo kwenye mashine hiyo tu. Kwa mwenzako badiliko lile lile linaweza kuwa na namba nyingine. Kwa Mercurial nanyi tunzeni alama ndefu.

Basi toleo liwe maandishi, si namba. Na swali la "lipi lilitangulia" programu isilijibu yenyewe, iiulize repo.

Hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Kaeni wanne mwandike programu ya tiketi inataka kujua nini hasa kutoka kwenye repo. Mtashangaa orodha ilivyo fupi. Inataka kujua kuna kipya gani tangu ilipochungulia mara ya mwisho; badiliko fulani limefanywa na nani, lini, kwa ujumbe gani, limegusa mafaili gani; faili fulani lilikuwaje katika toleo fulani; na matoleo mawili yametofautiana wapi. Ongezeni matawi, basi. Kila mfumo uandikiwe adapta yake, yaani kipande cha programu cha kujibu maswali hayo. Redmine, programu ya tiketi iliyotoka 2006, imejengwa hivyo hivyo, na ndiyo maana imeweza kusoma Subversion, Git, Mercurial na hata CVS, mfumo wa zamani zaidi. Trac, programu nyingine ya tiketi, ilianza 2004 ikiwa imeshikamana na Subversion peke yake, ikaja kufunguliwa baadaye. Kabla hamjaendelea kuandika ya kwenu, zijaribuni hizo mbili. Si aibu.

Adapta isome tu, isiandike kwenye repo. Na msijilazimishe kuifanya mifumo yote ifanane. Subversion ina kufuli ya faili, Git yenyewe haina. Adapta iseme "hili naliweza, hili siliwezi", na kitufe kisichohusika kisionekane.

Kiungo kati ya tiketi na msimbo kiwe ujumbe wa badiliko, maana mifumo yote hii ina ujumbe. Mtu akiandika "#214" programu iunganishe. Namba ya tiketi ni yenu, haimtegemei mtu. Kama mkulima, korosho zake zibadilishiwe ghala mara ngapi, namba yake kwenye daftari la chama ni ile ile. Alama ya badiliko ndiyo isiyo ya kuaminiwa sana: katika Git mtu anaweza kuandika historia upya, badiliko la jana likapata alama mpya leo. Tiketi isianguke kwa kukosa alama ya zamani. Iandike tu kwamba badiliko halionekani tena.

Majina nayo yatawasumbua kuliko mnavyodhani. Kwenye Subversion jina hutoka kwa seva, mtu ameingia kwa nywila. Kwenye Git kila mtu hujiandikia jina na barua pepe kwenye mashine yake, na hakuna wa kumzuia akijiita meneja. Wekeni jedwali linalosema majina haya matatu ni mtu mmoja.

Tarehe pia. Badiliko la Git lina tarehe mbili, ya kuandikwa na ya kuingizwa, na zote ni za saa ya mashine ya mhusika. Mwenzenu akienda Kilwa wiki nzima bila mtandao, kazi yake itafika kwenye seva imechelewa. Ripoti ya "wiki hii" itumie muda ambao programu yenu ililiona badiliko.

Tiketi za zamani zilizoandikwa r1450, yaani toleo la 1450 la Subversion, msizifute. Mkihamisha repo kwa git svn, zana ya Git ya kusoma Subversion, kwa kawaida kila ujumbe huachiwa mstari wa git-svn-id wenye namba ya zamani ndani yake. Jengeni jedwali la zamani kwa jipya kutokana na mistari hiyo.

Utaniuliza: Git si imeshashinda, shida yote hii ya nini? Nami nakujibu: hata washindi hupitwa. Mwaka 2004 Subversion 1.0 ilipotoka ndiyo ilikuwa mrithi wa CVS. Mwaka uliofuata, Aprili 2005, Git na Mercurial zikaanza pamoja, baada ya watengenezaji wa Linux kukosa matumizi ya bure ya BitKeeper, mfumo waliokuwa wakiutumia. Na Bitbucket, huduma ya mtandaoni ya kutunza msimbo iliyoanzia kwenye Mercurial, iliiacha mwaka 2020. Ila sitaki mpoteze msimu mzima: andikeni adapta mbili tu, ya Subversion na ya Git. Ya Mercurial huyo mwenzenu aiandike mwenyewe.

SWALI: Msimbo wetu uko kwenye huduma ya mtandaoni, tiketi ziko huko huko. Tukiwa na nakala ya repo tuko salama? — Msomaji, Masasi

JIBU: Msimbo uko salama, tiketi hapana. Nakala ya Git huleta mafaili na historia yake. Tiketi za GitHub na wenzake hukaa kwenye kanzidata ya huduma. Mnakumbuka Mei 2024, nyaya za intaneti za baharini zilipokatika? Mwenye nakala aliendelea kuandika msimbo, ila orodha ya kazi hakuiona. Huduma nyingi zina njia ya kuzitoa tiketi kwa programu. Ziwekeni kwenye seva ya ofisi kila usiku, na mjaribu kuzifungua mkiwa mmezima intaneti.