Maji ya Kuku Msimu wa Baridi

SWALI: Salamu, Mama. Nafuga kuku 40 wa kienyeji walioboreshwa hapa Utawala, Nairobi. Tangu Julai ianze, chombo cha lita 10 kilichokuwa kikiisha kabla ya jioni nakikuta kimebaki nusu, na mayai yamepungua. Binti yangu naye yuko Minnesota, Marekani, ana kuku sita nyuma ya nyumba. Januari alinipigia simu karibu kulia: anaweka maji asubuhi, akirudi kazini anakuta yamekuwa jiwe. Nimwambie nini? Na mimi je, niwe nikiwapashia wangu maji? – Mama wa Utawala

JIBU: Mama mwenzangu, kuku wako wananitia wasiwasi kuliko wa binti yako, kwa hiyo nianze na wewe. Yeye barafu anaiona kwa macho. Wewe nenda bandani sasa hivi, uingize kidole ndani ya chombo, upitishe chini ya ukingo pale usipopaona. Kikiteleza, umepata jibu lako: chombo ni kichafu, na ndiyo maana hawanywi.

Ni kweli kuku hupunguza kunywa kukiwa na baridi, lakini kushuka hadi nusu huku mayai yakipungua si jambo la kuachia hali ya hewa. Kuku anayetaga huhitaji kama robo lita kwa siku, na robo tatu ya yai ni maji. Asipokunywa hali vizuri, hata umwekee chakula cha bei gani. Sasa Julai yetu hii, jua halitoki, maranda hayakauki, kuku wanashinda ndani wakichakura, na kila wanachochakura kinaangukia majini pamoja na kinyesi.

Jambo hili nililijua kwa uchungu. Mwaka wangu wa pili wa kufuga, nikiwa Kahawa West, nilikuwa na chombo kilichovuja kidogo kidogo. Nikaona vifaranga wamejikunyata, manyoya yamesimama, nikasema ni baridi, nikawawekea jiko. Siku ya tatu nikaona damu kwenye kinyesi. Ilikuwa koksidiosisi, ugonjwa unaostawi kwenye maranda yenye unyevu. Nilizika 17 kabla dawa haijafanya kazi. Jiko halikuwa na maana yoyote. Nilipaswa kubadilisha chombo na kuzoa yale maranda yaliyolowa.

Kwa hiyo inua chombo juu ya matofali hadi ukingo ulingane na mgongo wa kuku. Kisugue kwa brashi kila asubuhi, usiridhike na kusuuza tu. Mara moja kwa wiki kioshe kwa dawa ya klorini iliyochanganywa na maji, kisha kisuuze mpaka harufu iishe. Siku ya chanjo ya kideri ya kunywesha usiguse klorini kabisa, kwa sababu inaua chanjo, na hata maji ya bomba yana klorini. Tafuta maji ya mvua au ya kisima. Halafu ile mitungi unayowekea maji ya akiba, yakikatika mtaani, unaiosha lini? Wengi husugua chombo cha kuku vizuri, kisha wanakijaza kutoka kwenye mtungi wenye ukungu wa kijani ndani.

Kupasha maji si lazima. Asubuhi zetu za Julai zinaweza kuwa nyuzi 11 au 12, na maji hayagandi hapa. Ukitaka, changanya na ya moto kidogo yawe vuguvugu asubuhi, kuku watayafurahia. Vifaranga wa wiki ya kwanza tu ndio nasisitiza wapewe vuguvugu.

Binti yako hali yake ni nyingine. Kule kipimo huweza kushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri, na chombo cha plastiki hupasuka. Atafute beseni la mpira mweusi, kama yale wafugaji wetu hukata kutoka kwenye tairi. Barafu ikishika, analipindua na kulikanyaga, barafu inadondoka, beseni liko salama. Kama nyumbani hakuna mtu mchana, anunue kile kitako cha umeme cha kupasha maji kilichotengenezwa kwa ajili ya vyombo vya kuku, na waya aupitishe mbali na nyasi kavu. Asining'inize taa ya joto. Mabanda mengi yameungua hivyo, na kuku ndani.

Usiku ayatoe maji bandani. Kuku akishapanda kulala hanywi, na mvuke wa maji ndani ya banda lililofungwa ndio husaidia upanga wake wa kichwani na ndevu zake za kidevuni kuganda mpaka ziwe nyeusi. Chumvi ya kuzuia barafu asithubutu kuitia. Figo za kuku haziihimili. Na mwambie asijilaumu mayai yakiwa machache: Desemba mchana wa kule hudumu kwa muda wa kama saa tisa tu, na kuku hutaga kwa kufuata mwanga.

Wewe niandikie baada ya wiki mbili, uniambie chombo kinaisha saa ngapi.