Kuwa na leseni ya NEMA hakumkingi mwenye kiwanda

Ndugu, umeuliza kama mnaweza kukishtaki kiwanda kinachomwaga maji machafu mtoni ilhali kina leseni halali ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira hapa Kenya. Mnaweza. Leseni ni ruhusa ya kufanya kazi kwa masharti. Haifuti wajibu wa kulipa madhara.

Tenganisha mambo mawili. Udhibiti huja kabla: tathmini ya athari kwa mazingira, viwango vya maji taka, ukaguzi. Dhima huja baada ya uharibifu: nani alipe, nani asafishe. Kanuni ya sheria yetu ni kwamba mchafuzi hulipa.

Kinachowapa nguvu zaidi ni Katiba ya 2010. Ibara ya 42 inatoa haki ya mazingira safi, na ibara ya 70 inasema mlalamikaji halazimiki kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyepata hasara au kuumia. Msisubiri watoto waugue! Lakini mkidai fidia, ushahidi wa madhara utahitajika, kwa hiyo wekeni vipimo vya maabara na picha zenye tarehe.

Someni kesi ya wakazi wa mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kuhusu sumu ya madini ya risasi (lead) kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3, na mzigo ukagawanywa kati ya kiwanda na taasisi za serikali, NEMA ikiwemo. Kesi iliendelea kwenye rufaa, ila kwangu funzo kubwa ni hilo: hata mdhibiti aliyelala anaweza kushtakiwa.

Anzeni na malalamiko ya maandishi kwa NEMA, mbaki na nakala iliyogongwa muhuri.