Kesi za majeruhi Tanga: mambo ya kujifunza mapema kwa wakili mpya

Ukitoka Shule ya Sheria kwa Vitendo, kanuni za uzembe zimekukaa kichwani, na hazitakusumbua sana. Kitakachokusumbua ni mteja anayefika ofisini miezi minane baada ya ajali ya Segera, gari limeshanyooshwa bodi na kuuzwa, na utingo hajulikani alipo. Kesi ya majeruhi hujengwa kwa karatasi za wiki za mwanzo. Kwa hiyo mtu akitaka kukua katika kazi hii, ajifunze kwanza kuzitafuta hizo karatasi, na kuzisoma.

PF3 ni fomu ya polisi na ilitungwa kwa mahitaji ya jinai. Daktari hujaza humo aina ya jeraha na ukubwa wa madhara kwa vipimo vya makosa ya jinai. Haisemi kama mtu huyo ataweza tena kukata mkonge au kuvuta nyavu. Wanaoanza huiambatisha peke yake wakidhani upande wa kitabibu umekamilika. Omba Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, muhtasari wa kuruhusiwa wodini, picha za eksirei pamoja na ripoti zake, na kama mgonjwa alipewa rufaa kwenda MOI (taasisi ya mifupa ya Muhimbili) au KCMC (hospitali ya rufaa ya Moshi), fuatilia na za huko. Kisha zitandaze zote mezani uzilinganishe mstari kwa mstari: jina, umri, tarehe, upande wa mwili. Utakuta PF3 imeandikwa “Rt” na kadi ya wodi “Lt”, yaani hii inasema mguu wa kulia umevunjika na ile inasema wa kushoto. Wakili wa upande wa pili ataliona hilo kabla ya jambo jingine lolote. Usiguse maandishi ya mtu. Mrudie daktari mwenyewe, aangalie picha, aandike barua ya masahihisho kwa mkono wake na muhuri wa hospitali. Jina nalo ni hivyo hivyo: Selemani wa kadi ya NIDA akiwa Sele kwenye fomu, andaa kiapo cha majina mapema.

Asilimia ya ulemavu isipimwe haraka. Mfupa wa paja uliowekwa chuma unaweza kukataa kuunga, au ukaunga mguu ukabaki mfupi, na chuma chenyewe huenda kikahitaji kutolewa kwa upasuaji mwingine wa kulipia. Tathmini iliyofanyika wiki ya sita itakufunga mikono. Muulize daktari maswali manne kwa maandishi: hali imetulia au bado, kazi gani hawezi tena, matibabu gani yamebaki, na yatagharimu kiasi gani. Jibu la swali la nne ndilo wengi husahau kulidai.

Kwa polisi, omba ripoti ya ajali, mchoro wa eneo na ripoti ya ukaguzi wa gari. Mchoro usome ukiwa umesimama pale pale barabarani: upana wa lami, alama za breki zilipoanzia, gari liliposimama. Mchoro usio na vipimo hauthibitishi mengi, basi pima mwenyewe kabla mvua na magari havijafuta kila kitu, na umchukue mtu atakayeweza kuja kutoa ushahidi, maana wewe wakili huwezi kuwa shahidi katika kesi unayoiendesha. Picha zilizopigwa kwa simu zihifadhiwe kwenye simu iliyozipiga. Zikipitia WhatsApp hupoteza taarifa za saa na mahali, na mahakamani utatakiwa kueleza kwa kiapo zilivyopatikana na zilivyotunzwa, kulingana na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015.

Jambo moja halisisitizwi vya kutosha darasani: fuatilia kesi ya trafiki ya dereva. Chini ya Sheria ya Ushahidi, hukumu ya jinai, muda wa rufaa ukishapita au rufaa ikishaamuliwa, inakuwa ushahidi wa mwisho kuhusu kosa lile. Inakata pande zote mbili. Dereva akikiri na kulipa faini, chukua nakala iliyothibitishwa ya mwenendo na hukumu, umepata nguzo. Akiachiwa huru kwa sababu mashahidi hawakuitwa, umepata mlima. Hakikisha mteja na mashahidi wake wanafika siku ya kesi, na mpelelezi anazo namba zao za simu, pamoja na namba ya ndugu mmoja mmoja, kwa kuwa laini hubadilishwa kila leo.

Bima ihakikiwe kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya usimamizi wa bima, kwa namba ya gari. Karatasi ya bima pekee haitoshi. Angalia tarehe na saa bima ilipoanza, jina la mwenye bima, na kama gari lilikatiwa bima ya biashara ya abiria au ya matumizi binafsi. Noah inayobeba abiria kwa bima ya matumizi binafsi ni mgogoro mtupu. Mmiliki mtafute kwenye kumbukumbu za TRA, kwani magari mengi huuzwa bila kuhamisha kadi. Kampuni ya bima uipe notisi ya maandishi kabla ya kufungua shauri, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Ukomo wa muda kwa madai ya uzembe ni miaka 3. Gari likiwa la halmashauri, wizara au shirika la umma, hesabu hubadilika: notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe, na shauri lifunguliwe Mahakama Kuu. Wanaokumbuka hili mwezi wa 35 huwa wamechelewa. Na aliyeumia kazini, bandarini au shambani, ana njia ya WCF, yaani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambayo haimdai athibitishe uzembe wa mwajiri. Ina fomu zake na muda wake, uisome kabla hujamshauri kitu. Marejeo ya vifungu yatoe kwenye Toleo la Urekebu la sheria za nchi la 2023, lililoanza kutumika tarehe 1 Julai 2025. Usinakili namba kutoka hati ya zamani ya mwenzio.

Sasa fedha. Fidia maalumu, yaani hasara inayohesabika kama gharama za matibabu na kipato kilichopotea, lazima iainishwe kwenye hati ya madai na ithibitishwe shilingi kwa shilingi. Mahakama ya Rufani ilishalisema hilo katika Zuberi Augustino dhidi ya Anicet Mugabe (1992). Risiti za mashine za EFD hufifia kwenye joto letu, kwa hiyo zitolee kopi siku hiyo hiyo, na usizipige laminesheni, zitageuka nyeusi zote. Dereva wa bodaboda hana hati ya mshahara, lakini ana mkataba wa hesabu na tajiri wake na ana taarifa ya miamala ya simu. Akiingiza 25,000 kwa siku, mafuta 7,000, hesabu 8,000, kinachopotea ni 10,000, si 25,000. Kwa siku 6 za wiki, wiki 26, ni 1,560,000. Hesabu ndogo iliyothibitishwa inaaminika kuliko milioni 40 za kukisia. Mvuvi wa Deep Sea, soko la samaki la Tanga, atafutiwe kumbukumbu za mauzo za mnunuzi wake wa kawaida.

Fidia ya jumla, ile ya maumivu ambayo kiwango chake hukadiriwa na mahakama, haiamui ufungue shauri mahakama ipi. Katika Tanzania-China Friendship Textile dhidi ya Our Lady of the Usambara Sisters (2006), iliamuliwa kwamba dai la msingi ndilo linaloamua mamlaka ya kifedha ya mahakama. Ukijaza milioni 500 za maumivu juu ya dai la milioni 4 ukakimbilia Mahakama Kuu, pingamizi la awali linakungoja.

Mafunzo ya TLS, chama cha mawakili, hudhuria, ila mengine ujifundishe. Kila wiki fungua TanzLII, tovuti ya hukumu za mahakama, usome hukumu moja ya majeruhi, uijaze kwenye daftari: umri, jeraha, asilimia, fidia iliyotolewa, na kama rufaa iliipunguza na kwa nini. Hilo daftari ndilo litakalokusaidia siku kampuni ya bima inapoweka ofa mezani kwenye usuluhishi. Ofa ikikubaliwa, msomee mteja hati ya malipo kamili na ya mwisho neno kwa neno, kwa Kiswahili, ndugu yake akiwepo, umweleze wazi kwamba akishasaini hawezi kurudi kudai hata mguu ukikatwa baadaye. Fedha ziingie akaunti ya wateja, na makato ya ada yafuate mkataba mliosaini siku ya kwanza. Ukiona dalali anakuletea majeruhi kutoka wodini kwa kamisheni, mkatalie. Ni kosa la kimaadili, na mteja wa aina hiyo huwa ameshaahidiwa kiwango ambacho hakuna mahakama itakayompa.