Kwa nini wamejibu X, si kaunta?

Swali: Nilinunua friji kwenye duka kubwa la vifaa vya umeme, likazima mwezi wa pili. Lina waranti ya mwaka mmoja, lakini kila nikienda naambiwa "rudi Jumatatu, fundi hayupo". Mwanangu akaandika kwenye X (zamani Twitter) na kuitaja kampuni. Nusu saa haikupita, wakaomba namba yangu ya simu. Kulikoni? Na niwape? – Mama wa Tabata, Dar es Salaam

Jibu: Pole mama. Lalamiko la kaunta huishia kwenye daftari; unalijua wewe na kijana aliyekuhudumia, basi. Lile la X huingia kwenye programu inayokusanya kila chapisho linaloitaja kampuni na kuligeuza tiketi, yaani lalamiko lililosajiliwa likisubiri kujibiwa, na saa inaanza kuhesabu. Mkuu wa kitengo anapimwa kwa muda wa jibu la kwanza. Nimefanya kazi upande huo: anayetukana sana hatishi mtu. Kinachomwamsha meneja ni wateja wengine kuanza kuandika chini yake "hata mimi".

Septemba 2013 mteja wa shirika la ndege la British Airways, baada ya mzigo wa baba yake kupotea, aliilipa Twitter ilitangaze lalamiko lake. Zilimtoka kama dola 1,000. Saa zikapita ndipo shirika likajibu kwamba ukurasa wao huhudumiwa saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni. Kwa maoni yangu, jibu hilo liliwachafua kuliko mzigo wenyewe.

Sasa namba yako. Usiiweke hadharani, na usiitume kabla hujajua unaongea na nani. Matapeli hushinda wakitafuta wateja wenye hasira. Hufungua akaunti yenye nembo ileile, jina likiongezewa kistari au herufi moja, wakakuwahi kabla ya kampuni yenyewe. Tiki ya bluu isikudanganye, siku hizi inanunuliwa. Ingia tovuti ya kampuni, bonyeza alama ya X iliyopo pale, uone kama inakupeleka kwenye akaunti hiyohiyo. Wenyewe watataka namba ya risiti na namba iliyobandikwa nyuma ya friji. Akiomba namba ya siri au tarakimu ulizotumiwa kwa SMS, mbloku.

Picha ya risiti weka, ila ziba jina na simu. Mwanao aongeze tarehe ya kununua, mara ulizorudi dukani, na unachotaka: litengenezwe, upewe jingine, au urudishiwe pesa. Kama ameandika "wezi wakubwa nyie", alitoe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaadhibu taarifa za uongo, na wizi utatakiwa kuuthibitisha.

Wakikuhamishia inboksi, nenda, lakini andika chini ya chapisho: "Maelezo nimetuma leo, nasubiri." Wengi huombwa wafute kwanza ndipo wahudumiwe. Usikubali, friji ligandishe kwanza. Wakinyamaza, printi skrinishoti zote, ambatanisha na waranti, upeleke Tume ya Ushindani (FCC), ambayo pia hutetea walaji.