MD na MPH kwa mpigo

Umeuliza kama unaweza kusoma MD (shahada ya udaktari) na MPH (ya afya ya jamii) kwa pamoja. Hapa kwetu Tanzania haiwezekani mdogo wangu, MPH inakuja baada ya MD. Ni shahada ya uzamili, inataka uwe na shahada ya kwanza mkononi, na wewe unaingia chuo cha afya cha UDSM hapo Mbeya ukitoka kidato cha sita. Hesabu miaka 5 darasani na wodini, 1 wa udaktari tarajali, ndipo uombe MPH, mfano chuo cha Muhimbili. Hao wa Marekani wanaopata zote mbili kwa miaka 5 huwa wanaanza udaktari wakiwa na digrii tayari. Mimi nimepita njia hii ya hapa kwetu. Ila usiiombe mapema sana, fanya kazi kwanza wilayani, hata Chunya au Rungwe, ujue tatizo gani unataka kulishughulikia.