Tani kumi na ushei za miwa, tani moja ya sukari: nyingine huenda wapi?

Ndugu wa Kasarani ameuliza kwa nini kiwanda husaga zaidi ya tani kumi za miwa kupata tani moja ya sukari, na kama hiyo nyingine huibwa. Ameuliza tena kwa nini sukari ya kahawia tunayouziwa hapa Nairobi hugandamana mfukoni. Majibu yote mawili yamo ndani ya kiwanda.

Sukari huumbwa shambani, kwenye jani la muwa. Kiwanda, kiwe Chemelil au Nzoia, kazi yake ni kuitoa bila kuipoteza. Tuchukue tani 100 za miwa iliyokomaa, yenye sukari asilimia 13. Humo mna tani 13 za sukari; nyingine ni maji na nyuzi hasa. Kiwanda kinachotunzwa vizuri hutia maguniani kama tani 10.7, yaani tani tisa na ushei za miwa kwa moja ya sukari; hasara zikizidi, hufika kumi na ushei. Tani 2.3 za sukari zilizobaki zina njia zake, na kila njia hupimwa maabara.

Hasara ya kwanza hutokea kabla ya kusaga. Muwa ukishakatwa, sukari huanza kuvunjika kuwa glukosi na fruktosi, ambazo kiwandani hazigeuki chembe. Muwa usagwe ndani ya saa 24, ikizidi sana 48. Uliochomwa moto huharibika upesi zaidi. Trekta zikipanga foleni siku tatu uwanjani, bakteria huzalisha utelezi uitwao dekstrani. Huo hufanya juisi kuwa nzito, huziba vichujio, na hata chembe za sukari hurefuka kama sindano. Mkulima akilipwa kwa uzito tu, hasara hii haionekani kwenye mizani, lakini ipo.

Muwa hukatwakatwa na visu, ukachanwachanwa na nyundo, kisha ukapita vinu vinne hadi sita vyenye rola tatu tatu. Kabla ya kinu cha mwisho hunyunyiziwa maji ya moto, tani 25 hadi 30 kwa kila tani 100 za miwa. Juisi hafifu inayotoka hapo hurudishwa nyuma kinu kimoja kimoja, iendelee kuosha machicha. Machicha hayo, bagasi, hutoka kama tani 30, nusu yake maji, na sukari asilimia 2. Hapo tani 0.6 imekwenda kwenye boila. Rola zilizolika au maji ya kunyunyizia yaliyopunguzwa huongeza hasara hiyo mara moja, na bagasi yenye unyevu unaozidi asilimia 52 hivi huwaka kwa shida, mvuke ukashuka, kiwanda kizima kikayumba.

Juisi ni chachu, pH (kipimo cha uchachu) kati ya 5 na 5.5. Huipashi moto ikakaa hivyo, maana asidi na joto pamoja huivunja sukari. Hutiwa maziwa ya chokaa, yaani chokaa iliyokorogwa kwa maji, hadi pH 7 au zaidi kidogo, ikachemshwa kupita nyuzi 100, kisha ikatulia kwenye tangi tope lishuke. Chokaa ikipungua, sukari inapotea. Ikizidi, pH ikapanda 8, glukosi huharibika, rangi inakuwa nyeusi, na magamba hujaa kwenye mabomba ya mbele. Tope huchujwa na kuoshwa. Hasara yake ni ndogo, chini ya tani 0.1.

Kukausha maji ndiko kunakokula mvuke. Tani 100 za juisi yenye yabisi asilimia 14 ili ifike 62 lazima zitolewe tani 77 za maji. Kwa hiyo vyombo hupangwa vinne, mvuke wa cha kwanza ukichemsha cha pili, mpaka cha mwisho kinachochemka kwenye nyuzi 60 hivi kwa kuwa kimenyonywa hewa. Tani 20 na kidogo za mvuke hufanya kazi yote.

Upishi ndio unaotaka jicho la fundi. Shira, yaani juisi iliyokolezwa hivyo, hupikwa ndani ya sufuria iliyonyonywa hewa, nyuzi 60 hadi 65, na ikiiva hutiwa mbegu, sukari iliyosagwa laini sana ndani ya spiriti. Toka hapo ukolezi haupaswi kupanda ghafla. Ukipanda, huzaliwa vumbi la chembe ambazo hukuzitaka. Zitapita kwenye wavu wa mashine ya kuzungusha au zitaziba nafasi, na molasi, ule umajimaji mzito unaozunguka chembe, haitatoka. Dawa yake ni kuongeza maji moto ziyeyuke, yaani kupoteza mvuke na saa.

Uji huo wa chembe na molasi huzungushwa zaidi ya mara 1,000 kwa dakika, molasi ikatoka, ikapikwa tena mara ya pili na ya tatu. Uji wa mwisho hupozwa polepole, siku nzima au zaidi, hadi nyuzi 40 na kitu. Kinachobaki baada ya hapo ni molasi ile wafugaji wa Kiambu wanayochanganyia ng'ombe chakula: tani 4 hivi, ndani yake sukari tani 1.3. Hiyo ndiyo hasara kubwa kuliko zote, na haitokani na uzembe. Chumvi za muwa huishika sukari isigande. Kinachobaki, tani 0.2 au 0.3, huenda kwa kumwagika, kuvunjika na makosa ya vipimo. Hapo ndipo msimamizi hutazama kwanza akishuku wizi.

Kuhusu kugandamana: sukari ya kahawia ina utando mwembamba wa molasi, nao hupenda maji. Ikikaushwa vizuri na ikapozwa chini ya nyuzi 40 kabla ya kufungwa, hukaa miezi. Ikitiwa gunia bado moto, unyevu husafiri hadi pembeni, hupoa, chembe zikashikamana. Ndogondogo zikichanganyika na kubwa, mabonge huwa magumu zaidi. Nyumbani igeuze kwenye chombo chenye kifuniko kinachobana, mbali na jiko. Bonge lililokauka halijaharibika, liponde utumie. Likinuka uchachu, litupe.